Paka Aliyekatazwa Kupiga Watoto Wake

Mama yangu alikuwa haisikii miguu yake. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeifisha, kuanzia vidole mpaka juu kidogo ya vifundo, na ukimwambia amekanyaga kaa la moto alikuwa anainama kutazama kwanza ndipo aamini. Mimi nauza samaki wakavu wa Kasenga. Mtaani kwetu Naviundu hakuna ghala ambalo wezi hawajalijua, kwa hiyo magunia yangu yanalala nyumbani, na wakati ule yalikuwa katika chumba kilekile alicholala mama. Panya walikuja kwa ajili ya samaki, wakakuta na miguu.

Asubuhi ya kwanza nilifikiri amejikwaa. Nilikuwa nimepiga magoti kumnawisha, nikaona kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakina ngozi upande mmoja. Nyama ilikuwa wazi, na pembeni mwake kulikuwa na alama za meno, mawili mawili. Shuka lilikuwa na damu iliyokauka. Yeye alikuwa anakunywa chai.

"Mama, haukusikia kintu?"

Akainama, akakitazama kidole chake utadhani ni cha jirani. "Aa, ile panya iko na adabu," akasema. "Haikuniamusha."

Akacheka. Mimi nilichukua ndoo ya maji nikaitupa ukutani. Ndiyo tabia yangu, sijifichi: nikiogopa, mkono unatafuta kitu cha kuvunja. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshatuonya kwamba kwa mgonjwa wa sukari kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumaliza kidole, kidole kikamaliza mguu, na mguu ukamwondoa mtu. Siku hiyo sikwenda sokoni. Nilienda kutafuta paka.

Nilimpata kwa mama mmoja muuza makaa, barabara ya pili kutoka kwetu: paka jike wa kijivu, sikio moja limechanika, macho hayana haya. Yule mama alimtia ndani ya gunia, akalizungusha gunia hewani ili paka apoteze njia ya kurudi, maana kwetu paka hahamishwi macho wazi, akanikabidhi. Nilipomfungulia chumbani, hakutafuta hata mlango. Alinusa magunia ya samaki, akapanda juu, akakaa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaua. Alimshika panya shingoni, akampiga kwenye saruji, kushoto, kulia, mpaka mfupa ukalia, kisha akamla kuanzia kichwani. Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa anafukuza wanyama nyumbani kwa ufagio, alipiga makofi.

"Sentinele yangu," akasema, kama anayesifu mlinzi wa usiku. "Uyu halalaka ku kazi."

Tangu hapo paka akawa analala miguuni pake, juu ya blanketi, na kila nilipokwenda kumnawisha nilikuta vidole vyote vizima. Nilianza kupumua. Kidonda cha kidole kilifunga polepole. Niliweza kukaa sokoni mpaka jioni bila kuona miguu ya mama mbele ya macho yangu kila ninapomkatia mteja samaki kipande.

Akazaa. Watatu, ndani ya kikapu chini ya kitanda: madume mawili na jike mmoja mdogo. Mwanzoni hakukuwa na neno. Nilimpa vichwa vya samaki bila uchoyo, naye aliendelea kuua, tena zaidi. Shida ilianza watoto walipokua wakakataa kukua. Walikuwa wanakula samaki, wanaruka ukuta, madume wanakojolea viatu vyangu, wana meno yote mdomoni, lakini mama yao akijilaza tu wanamvamia. Waliingia chini yake kwa mabega wakamnyanyua kutoka sakafuni. Dume kubwa alikuwa karibu kumpita mama yake kwa mwili. Na kunyonya kwao kulikuwa kutafuna. Ukikaa kimya chumbani ulisikia meno.

Paka alijua la kufanya. Nilimwona kwa macho yangu akiwageukia, masikio yamelala nyuma, akatoa sauti ya kukwaruza, akamchapa dume kubwa usoni kwa kucha mpaka akarudi kinyumenyume. Palepale mkongojo wa mama ukamshukia mgongoni.

"Mama wa namna gani anapigaka batoto juu ya ziwa?" mama alipiga kelele. "Ubape! Ubape banyonye!"

Akampiga tena mbavuni, na mara ya tatu kichwani. Mkongojo ule ulikuwa wa mti mgumu, baba aliuchonga alipostaafu kazi ya reli, na mama, hata kama miguu ilikufa, mikono yake ilikuwa imetwanga mihogo miaka na miaka. Alijua kupiga. Paka akitaka kumchapa mtoto, anachapwa yeye. Haikuchukua muda mrefu akaelewa. Mkongojo ukiwa karibu, alijilaza ubavu, akafumba macho, akawaacha wamle.

Nilimwambia, "Mama, umuache abapige. Njo vile banaachaka ziwa."

"Weye unajua nini?" akanijibu. "Ulimunyonyesha nani?"

Mimi sijazaa. Neno hilo lilinichoma pale pale alipotaka linichome, na nikatoka nje kabla sijamjibu lisilorudi.

Basi nikawafungia wale watatu katika jiko la nje, nikaegesha jiwe mlangoni, nikaenda sokoni. Niliporudi walikuwa ndani, juu ya mama yao, na mama yangu yuko kitandani anahema, magoti yake yana vumbi. Alikuwa amejikokota lupango nzima, ua wote wa nyumba, kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni, akasukuma jiwe kwa mikono. "Balikuwa banalia," akasema, basi. Kuwagawa nako hakukuwezekana. Kwetu hakuna anayepokea paka anayenyonya bado: ukimtoa anakataa chakula, analia kutwa kucha, na kilio cha paka ndani ya nyumba hakuna anayekitaka. Wote niliowauliza waliniambia, mumwachishe kwanza, ndipo mutuletee.

Paka akaisha. Nasema akaisha kwa sababu nilimwona akipungua, uti wa mgongo ukatokeza, manyoya yakasimama. Chuchu mbili za nyuma zilipasuka, moja ikavimba ikawa nyekundu na moto, ukiibonyeza inatoa usaha uliochanganyika na damu, na watoto walinyonya hiyohiyo. Aliacha kuua. Siku moja panya alitembea juu ya magunia mchana kweupe, akasimama, akamtazama, na paka akamtazama panya, dume kubwa likiwa limening'inia tumboni mwake. Nilimrushia panya kiatu. Kesho yake asubuhi, kisigino cha mama kilikuwa kimekwanguliwa.

"Sasa tunabakatisha ziwa," mama akatangaza, baada ya mimi kupiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Lete pilipili."

Hapo lazima niseme mama yangu alikuwa nani mtaani. Wanawake wa Naviundu walikuwa wanamletea watoto wao waliokataa kuacha ziwa. Alikuwa anatwanga pilipili kali na mafuta kidogo, anampaka mwenye mtoto kwenye titi, mtoto anaruka juu kunyonya, anaonja, anapiga ukelele, na mambo yameisha. Alijisifu kwamba kwake mtoto anaacha yeye mwenyewe, mama yake hamsukumi wala hamkatalii. Hakuna mtoto aliyemshinda. Na mimi nilikuwa nimeona kazi hiyo tangu utoto wangu, sikuona sababu ya kuitilia shaka. Tulikuwa wawili chumbani na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba mwanamke halambi titi lake mwenyewe, paka analamba.

Nilimkunja ndani ya gunia, kichwa chini ya kwapa langu, tumbo juu. Mama aliketi mbele yangu kwenye kiti kifupi, miguu ameinyoosha wazi, bakuli la pilipili pajani. Alichovya kidole. Akaanza na ile chuchu iliyovimba.

Paka alinyamaza. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa paka wala kwa mtu, na gunia likapasuka mikononi mwangu. Alinichana mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo, ngozi ikafunguka, na nilipoachia aligonga ukuta, akaanguka, akajipinda kulamba tumbo lake. Ulimi nao ukashika moto. Mate meupe yakamtoka. Alizunguka chumba akijigonga kwenye magunia, anajing'ata tumboni, anajilamba tena, anapiga kelele tena. Dume kubwa, kwa ujinga wake, likamkimbilia kunyonya, likaonja, likarushwa na maumivu yake lenyewe hadi chini ya kitanda. Na yule mama paka, hajui pa kwenda, akaurukia mguu wa kushoto wa mama yangu. Aliukumbatia kwa mikono, akauma, akaurarua kwa kucha za nyuma, haraka haraka, vile alivyokuwa anamfanyia panya mkubwa.

Mama hakujua. Alikuwa amejifuta jasho usoni kwa kidole kilekile, pilipili imemwingia machoni, amefumba macho anapiga kelele, "Fungula mulango! Ufungule, ile nyama, ile paka, itakufwa!" Na mguu wake unararuliwa hapo mbele yake. Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa inatoka kwa vipande. Nilimpiga paka teke mbavuni kwa nguvu zangu zote, akaruka, akagonga mlango, nikaufungua, akatoweka.

"Mama, muguu!"

"Muguu gani? Macho! Lete maji!"

Nikamwosha macho. Alipoweza kuyafumbua akaiona damu imejaa sakafuni, akauliza mimi nimeumia wapi.

Muuguzi wa zahanati alitutazama sote wawili, mimi na mkono wangu, yeye na mguu wake, akauliza kama paka ana kichaa. Nikamweleza habari ya pilipili. Akashika paji la uso, akaniomba nimwambie tena. Alitudunga sindano, akashona mkono wangu, akafunga mguu wa mama kwa bandeji nyingi, akasema tusithubutu kuacha mnyama yeyote aukaribie. Na paka tumwangalie: akifa ndani ya siku kumi, turudi mbio.

Hakufa. Alirudi mwenyewe, pilipili imemwisha, mkia chini, amekonda zaidi. Wale watatu wakamwangukia kabla hajavuka kizingiti. Aliinua mkono kumchapa yule wa kwanza. Mama, kitandani, mguu juu ya mto, akaugongesha mkongojo sakafuni mara moja tu. Paka akaushusha mkono, akajilaza.

Nilisogeza kitanda mbali na magunia, nikaiweka miguu ya kitanda ndani ya makopo ya maji, nikaziba matundu ya ukuta kwa vitambaa na chupa zilizovunjika. Panya hawakujali. Bandeji ilikuwa na harufu, na harufu iliwaita. Asubuhi moja nilipokwenda kumnawisha nikakuta bandeji imefumuliwa kwa mbele, nyuzi zimevutwa hadi sakafuni, na ndani yake kidole cha pili, kinachofuata kile kidogo, hakina ncha. Kucha haikuwepo. Mfupa ulikuwa unaonekana, mweupe, umekwaruzwa. Paka alikuwa hapohapo, hatua moja kutoka kitandani, macho wazi, amelaliwa na watoto wake watatu.

Nilimpokonya mama mkongojo.

Alinishika kanga. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyofikiri. Tulivutana, yeye ameketi kitandani, mimi nimesimama, na wote wawili tukipiga kelele mpaka sauti zikakwaruza. Akanipiga kofi la uso. Mimi sikumpiga, lakini mkono ulikuwa umeshanyanyuka, na aliuona.

"Unipige!" akasema. "Unipige mama yako, sawa ile nyama inapigaka batoto."

"Ile nyama iko na akili kukupita! Panya itakukula mpaka ku goti, na weye unachunga bitoto biko na meno!"

"Bitoto biko nalia!"

"Bilie!" nikamwambia. "Bilie, bitakula. Hakuna mutoto anakufwaka juu ya kulia!"

Hapo aliniachia kanga. Uso wake ulibadilika mpaka nikafikiri kiharusi.

"Wangu alikufwa," akasema.

Nilijua nilikuwa na kaka kabla yangu na kwamba alifariki mdogo. Nilijua hivyo tu, kama unavyojua kwamba nyumba fulani ilikuwa na mti zamani. Sikujua alikufa kwa nini. Mama akanieleza akinitolea macho, bila kushusha sauti, na majirani walisikia nadhani kila neno. Mtoto alikuwa mkubwa, anatembea, anasema, ana meno, na bado ananyonya, kwa sababu yeye alimpenda na hakuwahi kumnyima. Kisha akapata mimba. Wakati ule iliaminika maziwa ya mwenye mimba ni sumu kwa mtoto, na desturi ilikuwa moja: mtoto anatolewa siku hiyohiyo, anapelekwa kwa nkambo wake, bibi yake mzaa mama, mpaka asahau. Nkambo alikuwa Kambove, kule babu alikochimba shaba. Mtoto alinyonya asubuhi, akapandishwa gari mchana.

"Alikataa bukari," mama akasema. "Alikataa uji, alikataa maji. Alikuwa anageuza tu kichwa, anatafuta. Nkambo yako alimupaka bukari ku midomo, anatapika. Analia mpaka sauti inaisha. Siku balinitumia habari, balikuwa bamekwisha kumuzika."

Nikabaki nimeushika mkongojo.

"Na mimba ile ilikuwa nani?" akaniuliza. "Juu ya nani balimutoa ku ziwa? Juu ya weye. Ulikuwa mu tumbo. Sasa usiniambie mutoto alie."

Kama ningekuwa mtu mwema zaidi ningeketi kitandani nikamshika mkono. Lakini nilikuwa nimeuona mfupa wa kidole chake, na hasira yangu haikuwa imeisha, ilikuwa imepata mahali papya pa kuumia. Nilitoka nje na mkongojo wa baba. Niliuvunja juu ya goti langu, ukakataa, nikauegemeza ukutani nikaukanyaga ukavunjika, nikavitia vipande vyote kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikapuliza, nikapika bukari, ule ugali wetu, juu ya moto wake. Mama alisikia harufu ya mti ule, akaijua. Nilipomletea sahani aliisukuma ikaanguka. Nikaifagia. Nikamwambia kuanzia sasa mkongojo wake ni mimi, akitaka kwenda mahali aniite. Hakuniita. Alijikojolea kitandani siku hiyo kuliko kuniita.

Paka hakuamini mwanzoni kwamba mkongojo haupo tena. Dume kubwa lilipomjia, alitazama kwanza upande wa kitanda. Akasubiri. Mama alitafuta kitu cha kumpiga, akarusha kikombe, akakosa. Paka akamtazama tena. Kisha akasimama juu ya miguu yake ya nyuma akamwangukia mwanawe.

Nimeona watu wakipigana kwenye machimbo na nimeona wanawake wakipigania nafasi ya kupanga samaki sokoni, lakini sijaona kipigo cha namna ile. Hakumchapa akaacha. Alimfuata. Alimshika shingoni akambamiza, akamtoboa sikio, akamchana pua, na dume alipokimbilia chini ya kitanda alimtoa hukohuko. Dume la pili lilikuja kuona kuna nini, nalo likapata sehemu yake. Manyoya yaliruka. Kulikuwa na matone ya damu hadi kwenye ukuta. Mama alikuwa amejifunika kichwa kwa blanketi, anaomba Rozari kwa sauti kubwa ili asisikie, na kila kilio cha paka kilipopita sauti yake aliongeza sauti. Mimi nilisimama mlangoni nimejishika mikono. Nilikuwa nalia, na sikumzuia paka.

Yale yaliendelea asubuhi na jioni. Madume yalirudi, yakapigwa. Yakarudi tena, yakapigwa vibaya zaidi. Kisha siku moja dume kubwa likamkaribia mama yake, naye akageuza tu kichwa kulitazama, nalo likapita pembeni, likaenda kwenye sahani ya vichwa vya samaki, likala. Dume la pili likalifuata. Chuchu iliyovimba ilipasuka, ikatoa uchafu wake, ikaanza kukauka. Nilikuta panya wa kwanza amekufa mlangoni, hajaliwa, amevunjwa tu.

Kwa kidole cha mama ilikuwa imechelewa. Kilikuwa kimegeuka cheusi, na weusi ulikuwa unatafuta jirani. Hospitalini walikikata, na kile kidole kidogo cha pembeni pamoja nacho, wakasema tumshukuru Mungu hawakulazimika kukata juu zaidi, na kwamba panya wakija tena watalazimika. Mama hakusikia maumivu, ila alitaka kuviona vidole kabla havijatupwa. Wakamwonyesha. Akavitazama vizuri, akasema asante. Muda wote tuliokaa pale hakunisemesha, alikula chakula changu bila kuniangalia.

Tuliporudi, paka alikuwa mlangoni. Alikuwa ameanza kujaa mbavuni. Nilimbeba mama mgongoni, nikamketisha kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya kiti kingine. Chumba kilikuwa kimya, magunia mazima. Dume kubwa lilikuwa limeshachukuliwa na wanawake wa kibanda cha mchele pale sokoni, na dume la pili lilikuwa nje linatafuta maisha yake. Alibaki yule jike mdogo. Mwanamke mmoja wa Kasenga, anayeniletea samaki, alikuwa ameahidi kumchukua kesho yake akirudi na lori, awe na paka kwenye ghala lake huko mtoni.

Tatizo ni kwamba yule mdogo alikuwa bado ananyonya. Alikuwa mjanja: kaka zake walipopigwa yeye alijificha, na mama yao alipochoka ndipo alijipenyeza. Chakula cha sahani alikuwa anakinusa anakiacha. Nilikuwa sijamwambia mama habari hii, ila aliiona mwenyewe. Nilikuwa nimeweka sahani ya samaki wa kuchemsha sakafuni. Yule mdogo alipita sahani, akaenda moja kwa moja tumboni mwa mama yake.

Paka alimpiga. Yule mdogo akalia kwa ile sauti nyembamba, damu puani, akakimbilia kwenye kiti cha mama, akapanda pajani, akaficha kichwa chini ya kanga yake. Mama akamfunika kwa mikono miwili. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Banamubeba lini?" akaniuliza. Lilikuwa neno la kwanza kwangu tangu siku ya mkongojo.

"Kesho."

"Kasenga?"

"Kasenga, mama."

Alikuwa anampapasa yule mdogo mgongoni, kwenda na kurudi. Kisha akamkamata ngozi ya shingo, akamtoa chini ya kanga akiwa anang'ang'ania kwa kucha, akainama kwa shida, akamweka sakafuni mbele ya mama yake.

Yule mdogo akaenda tena tumboni. Paka akampiga, akaanguka. Akarudi. Paka akainua mkono, akasita, akatazama juu, akamtazama mama yangu.

"Umupige," mama akamwambia. "Umupige tena. Akule."

Paka akampiga kofi lililomviringisha hadi kwenye sahani. Alibaki hapo anatetemeka, mguu mmoja ndani ya mchuzi. Akaulamba mguu. Akanusa. Mama alikuwa ameinama sana mpaka nikamshika bega asianguke. Yule mdogo akakamata kipande cha samaki, akakitafuna, akaanza kunguruma peke yake juu ya chakula. Mama alimwangalia mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Ule mutoto wangu miye sikumupigaka," akasema. "Ata mara moya."